Usimpe mtu duka kwa kabila lake: yaliyonikuta Boma Ng'ombe

Mleta uzi, subiri. Usimpigie mtu simu kwanza.

Umesema unafungua duka la pili la vifaa vya ujenzi hapo Ngaramtoni. Una vijana wawili, Mchaga uliyemwajiri juzijuzi na Mmasai aliyekaa nawe stoo tangu mwanzo. Ukauliza nani awe msimamizi, alipwe kiasi gani, na mashine ya EFD, ile ya risiti za kodi, kwa duka la pili inakuwaje. Wadau wakashuka: "Biashara mpe Mchaga ulale usingizi, Mmasai mwache getini." Ukajibu, "Asanteni wakuu, ndiko nilikokuwa naelekea." Hapo nikashindwa kunyamaza.

Ushauri huo mimi niliununua kwa bei mbaya. Duka langu liko Moshi, upande wa Mbuyuni. Tawi lilikuwa Boma Ng'ombe. Nasema lilikuwa.

Kabla hamjaanza kunirukia: ndiyo, mimi Mpare. Najua mtasema Mpare hawezi kumaliza siku bila kumsema Mchaga, na kwamba hasara ilipoingia nilitafuta wakili kabla ya kikokotoo. Wakili nilimpigia kweli. Akaniuliza, "Tunamshtaki nani?" Nikakosa jibu. Tuendelee.

Aliyenipoteza ni mzee mmoja wa kikundi chetu cha kuweka na kukopa, tajiri kuliko sisi wote. Aliniambia, "Mwanangu, Mmasai ni mwaminifu, ndiyo maana analinda. Duka linataka mtu mwenye biashara kwenye damu." Ona ujanja wake: kijana wa watu kasifiwa, na sifa yenyewe ndiyo inamfungia getini. Laiti angemtukana ningeshtuka. Na baadaye nikagundua maduka ya mzee huyo yanasimamiwa na shemeji yake! Ya kwake anagawa kwa ndoa, ya kwangu ananigawia kwa kabila.

Basi, kijana wangu wa Kimasai tulimwita Yero, kama mji mzima unavyowaita. Alianza mlinzi, akaanza kusaidia kushusha mizigo, mwisho stoo yote ikawa kichwani mwake. Ukimuuliza bati za geji 30 zimebaki ngapi, anajibu bila kugeuka. Alijua fundi yupi analipa na yupi anabadilisha laini ya simu. Mwenzake alikuwa kijana wa Kibosho, mcheshi, wateja wanampenda, mgeni kazini. Huyu aliniambia kwa mdomo wake, "Bosi, stoo sijawahi kushika, mimi niache kaunta." Nikacheka. "Mangi, acha kujishusha!" Nikamkabidhi Boma.

Kinachoniuma ni kwamba ushahidi wote nilikuwa nao machoni. Yero akikaa kimya kwenye kikao, nilisema haelewi. Wa Kibosho akikaa kimya, nilisema anapiga hesabu. Yero akimnyima fundi mkopo, ukaidi wa porini huo. Mwenzake akikopesha mafundi watatu asubuhi moja, eti anajenga wateja. Jambo lilelile, ila jibu nilikuwa nalo tayari kabla mtu hajafungua mdomo.

Lori la saruji likashusha Boma kabla ya masika. Kijana akapanga mifuko chini kwenye sakafu, imebana ukuta, hakuna hata ubao. Mzigo mpya ukaja, akauweka mbele ya wa zamani, akawa anauza ya mbele. Yero kila siku alikuwa anahakikisha mfuko ulioingia kwanza ndio unatoka kwanza, nami nilidhani ni tabia yake tu ya kuhangaika. Mvua za Aprili zikapita. Nilipokwenda kufunga hesabu, safu nzima ya nyuma ilikuwa mawe. Mawe yenye nembo, kilo hamsini hamsini. Jirani akaja kuniomba akazibie korongo la njia yake, nikampa.

Daftari la madeni ndilo lilinimaliza. "Fundi wa geti jeusi." "Yule wa pikipiki nyekundu." "Mama bati." Nikadai nani hapo? Kijana hakuniibia hata shilingi, na hilo nalisema wazi kwa wanaosubiri niseme Wachaga ni wezi. Hakuwa mwizi. Alikuwa kijana aliyepewa kazi aliyosema haiwezi, kwa sababu mimi nilisikiliza kabila lake nikaacha kumsikiliza yeye.

Yero hakugomba. Aliaga vizuri, akaenda kwa mfanyabiashara wa Maili Sita aliyempa stoo na funguo zake. Mafundi wakamfuata. Siku hizi nikipungukiwa bati za geji 28 katikati ya oda, nanunua kwake. Ananiuzia kwa risiti na ananiita bosi. Afadhali angenitukana.

Na msiniletee habari za damu. Wachaga walipanda kahawa, wakawa na ushirika wao wa KNCU tangu 1933, shule za misheni zikawafikia mapema, na kihamba, shamba la ukoo, kikigawanywa kizazi baada ya kizazi kinafika mahali hakigawanyiki tena. Kijana lazima atoke akatafute. Mmasai naye malisho yamepungua, ukame umeua ng'ombe, akishuka mjini kazi anayopewa bila kuulizwa cheti ni ulinzi. Unamkuta getini unadhani alizaliwa na rungu mkononi. Halafu mtu wa Arusha, hapo na Monduli, anasema Mmasai hawezi kusimamia mali! Sokoine alitoka wapi? Waziri Mkuu mara mbili, na 1983 aliposimamia msako wa wahujumu uchumi, wenye mali za magendo walikuwa wanazitupa usiku.

Lakini usije sasa ukamchukua huyo wako kwa sababu ya Sokoine. Utakuwa umerudi kulekule kwa mlango wa nyuma. Serikali yenyewe mara ya mwisho kuuliza kabila kwenye sensa ni 1967, na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inakataza kumbagua mfanyakazi kwa kabila. Wewe unaliuliza kwa ajili ya misumari.

Fanya hivi, na sitachoka kurudia: mpe funguo, uondoke, ukirudi uhesabu. Wote wawili, kwa zamu, bila kuwaambia ni mtihani. Mmoja wiki hii, mwingine wiki ijayo. Ukirudi usianze na maswali, maana msemaji atakushinda. Anza na stoo, kisha daftari la madeni, kisha droo. Angalia mifuko imewekwa juu ya nini. Angalia kama majina ya wadaiwa ni ya watu au ya pikipiki. Na kabla hujaondoka, hesabu mwenyewe kila kitu na uandike, usije ukarudi ukabaki kubishana na daftari lisilo na mwanzo.