Kuanza na The Tombs of Atuan
Dada, umeuliza kama mnaweza kuanza na riwaya ya The Tombs of Atuan: anzeni nacho tu kitabu hiki hapo Nyegezi. Si lazima kikundi chenu cha kusoma kipitie kwanza kile cha 1968, A Wizard of Earthsea, kinachoanza mfululizo huu: Ursula K. Le Guin aliandika hiki (1971) Tenar akiwa ndiye mhusika mkuu, na Ged, yule mchawi wa kitabu cha kwanza, haingii mpaka hadithi imeshakolea. Mimi nilikisoma bila kile cha kwanza na sikupotea. Ila wadogo waambieni mapema, Tenar akiwa kuhani aliamuru wafungwa wafe kwa njaa na kiu, na ndoto mbaya zinamsumbua. Hakuna uganga unaomfutia hatia, na hapo ndipo ninapokipenda sana. Tehanu (1990), cha baadaye katika mfululizo huo huo, subirini kwanza, humo Tenar ni mjane tayari.