Saa ya kuogelea imeota kijani nyuma, nifanyeje?

SWALI: Habari kaka fundi. Nina saa ya kuogelea imeandikwa 5 ATM, naogelea nayo baharini huku Kigamboni kila wikiendi. Nikitoka majini naifuta na taulo naichomeka hapohapo kwenye pawa benki ili nikifika nyumbani iwe imeshajaa. Sasa wiki ya pili hii haipokei chaji mpaka niikandamize kwenye kebo, na kwenye zile pini za nyuma kuna kitu cha kijani. Ndo maji yameingia? Niipeleke ifunguliwe?

JIBU: Dada pole sana, ila usiifungue kwanza! Kama kioo hakina ukungu kwa ndani na saa inawaka kawaida basi huenda maji hayajaingia, kinachoiua ni hiyo pawa benki ya palepale ufukweni. Lita moja ya maji ya bahari ina kama gramu 35 za chumvi na maji ya chumvi yanapitisha umeme vizuri mno, sasa ukichomeka kebo wakati pini bado zina unyevu umeme unapita kwenye lile tone kutoka pini moja kwenda nyingine na madini ya pini yanaanza kuliwa taratibu, hiyo kijani ni kutu ya shaba. Na taulo inafuta maji tu, chumvi inabaki palepale, kesho hewa ya pwani inailowesha tena.

Leo fanya hivi. Zima saa, isuuze kwa maji baridi ya bomba, iache ikauke kabisa. Chukua kijiti cha pamba cha masikioni, kitie kidogo spiriti ya duka la dawa, sugua zile pini tu, usipake kwenye mkanda wala kioo, ukiona pamba inatoka na kijani badilisha nyingine endelea mpaka itoke safi. Msasa, kisu, sindano, hapana jamani, juu ya pini mara nyingi kuna ngozi nyembamba sana ya dhahabu ukiikwangua tu kutu inarudi haraka zaidi. Halafu geuza kebo uangalie na upande wake, watu wengi wanasafisha saa wanasahau kebo, kumbe vile vipini vya springi navyo vimejaa chumvi havirudi juu vizuri. Ikigoma bado, jaribu kebo nyingine kabla hujamlipa fundi.

Kuanzia sasa ukitoka baharini iwe maji baridi kwanza, kitambaa laini, ikae kivulini hata masaa mawili ndo uchaji, ukifika nyumbani sio ufukweni. Na usiiache juu ya mchanga saa sita mchana, betri hizi za lithiamu zikichajiwa kwenye joto la kuzidi nyuzi 45 zinachoka mapema. Kuoga nayo kwa maji ya moto na sabuni pia acha, ile mipira inayozuia maji inalegea. Hiyo 5 ATM ni presha (sawa na ya maji yaliyotulia ya kina cha mita 50) iliyopimwa saa ikiwa mpya, haimaanishi mipira itadumu milele wala uzame nayo mita 50.

Ila ukija kuona ukungu ndani ya kioo na hautoki, usiichaji hata dakika moja, hapo ndo umtafute fundi mwenye mipira mipya na mashine ya kupima presha.

SWALI: Mimi niko Mombasa, kipindi cha kusi bahari ikichafuka siogelei miezi mitatu hivi. Headphone zangu za kuogelea niziweke kabatini zikiwa zimejaa chaji?

JIBU: Usizijaze, na usiziache kwenye sifuri, hiyo ya sifuri ndo mbaya zaidi maana betri inashuka mpaka inakataa kuamka. Zisuuze, zikauke, chaji ifike kama nusu, zima, weka pakavu mbali na dirisha la jua. Ukipita mwezi mmoja na nusu ziangalie, zikiwa zimeshuka rudisha nusu. Kebo yake funga nayo pamoja, nyingi ni za aina yake peke yake na zikipotea kuzipata dukani ni kazi.