Kinu cha nyuklia kikiachwa bila watu huwaje?

Swali: Mimi ni fundi wa umeme, naishi Maskat. Nasikia watu wakisema kwamba vita kubwa au maradhi yakiangusha serikali na wafanyakazi wakakimbia, vinu vyote vya nyuklia duniani vitalipuka kama mabomu. Je, ni kweli, na ingechukua muda gani?

Jibu: Ndugu yangu, kulipuka kama bomu hakutatokea. Urani ya vinu vingi vya umeme hurutubishwa (yaani sehemu yake inayopasuka kwa urahisi huongezwa) hadi kufikia asilimia 3 hadi 5 tu, na kwa kiwango hicho haiwezi kufanya mlipuko wa bomu la atomiki, hata kinu kikitelekezwa kwa namna gani. Hatari ni ya aina nyingine, na wewe kwa kazi yako utaielewa upesi: ni kukosa umeme wa kuendesha pampu za maji.

Gridi ikianguka, fimbo za kudhibiti huingia katika kiini cha kinu kwa sekunde chache na mpasuko wa atomu hukoma. Joto, hata hivyo, halikomi. Mabaki ya atomu zilizokwisha kupasuka huendelea kutoa joto ambalo, mara tu kinu kinapozimwa, hufikia asilimia 6 au 7 ya nguvu yake kamili. Baada ya saa moja hushuka hadi karibu asilimia 1.5, na baada ya siku nzima hadi nusu asilimia hivi. Kwa kinu kinachotoa megawati 3,000 za joto, nusu asilimia hiyo ni megawati 15, ambazo lazima ziondolewe na maji usiku na mchana. Jenereta za dizeli ndizo zinazoshika zamu, na akiba ya mafuta yake aghalabu ni ya wiki moja hivi, kwingine zaidi kidogo. Malori ya mafuta yasipofika, zitazima.

Kinachofuata tulikiona Fukushima Daiichi, nchini Japani, tarehe 11 Machi 2011. Vinu vitatu vilivyokuwa vikifanya kazi vilijizima kama ilivyotakiwa tetemeko lilipotokea, lakini kabla ya saa moja kupita tsunami ilifika na kuzamisha jenereta, na katika siku chache viini vya vinu vyote vitatu viliyeyuka. Maganda ya zikoniamu, aina ya metali, yanayofunika fueli (urani inayotumika kinuni) yalimenyuka na mvuke kwa sababu ya joto kali, yakatoa hidrojeni, na hidrojeni hiyo ndiyo iliyolipua majengo. Nakuomba uzingatie kwamba haya yalitokea mahali ambapo watu hawakukimbia: walibaki gizani, wakakusanya betri za magari ili waweze kusoma vipimo, na wakasukuma maji ya bahari kwa magari ya zimamoto.

Mimi binafsi huhofia zaidi mabwawa ya kuhifadhia fueli iliyotumika. Fueli hiyo hukaa chini ya maji yenye kina cha mita kadhaa juu yake, mara nyingi nje ya kuba zito la zege linalokinga kinu chenyewe. Bwawa lisipopozwa, maji huchukua siku au wiki kadhaa kuchemka na kupungua, kutegemea fueli ina umri gani. Yakikauka ilhali fueli bado ni changa, maganda yake yanaweza kushika moto na kurusha hewani sesiamu-137, elementi yenye mionzi, ambayo huchukua miaka 30 kupungua kwa nusu. Eneo linalozunguka kituo lisingekalika kwa miongo mingi, ingawa dunia nzima isingekuwa jangwa.

Kwa hiyo jibu la swali lako la muda linategemea zaidi kinu kilizimwa lini kabla ya watu kuondoka. Chernobyl, nchini Ukraine, ilipokatiwa umeme wa gridi tarehe 9 Machi 2022, Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilieleza kwamba maji ya bwawa lake yalitosha kuondoa joto hata bila umeme, kwa kuwa kinu cha mwisho pale kilizimwa mwaka 2000. Katika Zaporizhzhia, kituo kingine cha nyuklia cha Ukraine, vinu vyote sita vilikuwa vimeacha kuzalisha umeme tangu Septemba 2022; ndiyo sababu bwawa la mto la Kakhovka, lililokipatia kituo maji ya kupozea, lilipobomoka tarehe 6 Juni 2023, visima vilivyochimbwa kituoni viliweza kukidhi mahitaji ya maji ya kupozea. Vinu hivyo vingekuwa vikifanya kazi kwa nguvu kamili, visima visingefua dafu.

Kituo kilicho karibu nawe ni Barakah, Abu Dhabi, chenye vinu vinne vya megawati 1,400 hivi kila kimoja. Nchi za Ghuba hutegemea sana maji ya bahari yaliyoondolewa chumvi, nayo mitambo ya kuondoa chumvi huhitaji umeme uleule. Katika anguko unalolielezea, kiu ingewafikia watu kabla ya mionzi.

Ningeulizwa la kufanya endapo umebaki mwezi mmoja tu wa kuwa na wafanyakazi, ningeshauri vinu vyote vizimwe siku ya kwanza, mafuta ya dizeli yajazwe pomoni, na fueli iliyokwisha kupoa kwa miaka mitano au zaidi ihamishiwe katika makasha makavu ya chuma na zege, ambayo hupozwa na hewa inayopita yenyewe, bila pampu wala mlinzi.