Mgonjwa akikakamaa baada ya fentanili au pethidini, usikimbilie kusema ni degedege

Fentanili, dawa kali ya maumivu, imeingia mshipani, na kabla dakika mbili hazijaisha mgonjwa anakunja mikono, taya limekaza, shingo imekuwa ngumu. Unaminya begi la kumpulizia hewa, halikubali. Kifua hakiinuki. Wengi hapo huita degedege na kuvuta diazepamu, dawa ya kutuliza degedege. Mara nyingi si degedege: wagonjwa waliopimwa umeme wa ubongo wakiwa katika hali hii, wengi wao hawakuonyesha dalili za kifafa. Ni misuli iliyokakamaa, na nyuzi za sauti kooni nazo hujifunga, ndiyo maana hewa haipiti.

Toa oksijeni asilimia 100 na uite msaada. Kama ulikwishapanga kuweka mpira wa kupumulia, hakikisha amelala kabisa kwa dawa ya usingizi, mpe suksamethoniamu, dawa ya kulegeza misuli, miligramu 1 kwa kilo, begi litalegea. Kama hukupanga, naloksoni, dawa inayozima nguvu ya fentanili, miligramu 0.1 kwa mshipa, ukirudia kila dakika mbili au tatu, husaidia. Lakini kumbuka: dawa ya kulegeza misuli huficha degedege la kweli bila kulizima. Kwa hiyo pima sukari, tazama oksijeni, uliza kama amechomwa bupivakaini, dawa ya ganzi, na kama ni mjamzito fikiria kifafa cha mimba.

Kinga yake ni mkono wa taratibu. Ampuli ya mikrogramu 100 isukumwe kwa dakika mbili, hasa kwa mzee.

Pethidini, nayo dawa kali ya maumivu, ni habari nyingine kabisa, na hii ndiyo inayonitia hofu zaidi, kwa sababu hutokea wodini usiku, siku ya pili au ya tatu, wakati hakuna anayekumbuka dawa. Ini huigeuza kuwa nopethidini, ambayo huchokoza ubongo. Nusu ya pethidini hutoka mwilini kwa saa 3 hadi 4. Nusu ya nopethidini huchukua saa 15 hadi 30, na figo zikiwa mbovu hukaa zaidi. Ukichoma miligramu 100 kila saa 4, umeshafika 600 kwa siku, na sumu inajilimbikiza. Huanza na wasiwasi, vidole kutetemeka, misuli kurukaruka. Degedege hufuata, na hili ni la kweli.

Hapa naloksoni usiiguse: huondoa utulivu wa pethidini na kuiacha nopethidini peke yake. Fungua njia ya hewa, toa oksijeni, diazepamu miligramu 5 hadi 10 kwa mshipa taratibu, kisha simamisha pethidini. Ukihamia mofini, dawa nyingine kali ya maumivu, kwa mwenye figo mbovu, nayo mabaki yake hulimbikizana; afadhali parasetamo na fentanili kidogo kidogo chini ya uangalizi. Tramadoli, dawa nyingine ya maumivu, isiwe mbadala: nayo huleta degedege, zaidi kwa mwenye kifafa au anayetumia fluoksetini, dawa ya sonona.

Pethidini isizidi miligramu 600 kwa saa 24 wala isipite saa 48, na mwenye figo mbovu asipewe kabisa. Jumla ya saa 24 iandikwe juu ya karatasi ya dawa, mahali ambapo nesi wa zamu ya usiku ataiona kabla ya kuvunja ampuli nyingine.