Kwa nini picha zangu nyeusi na nyeupe zinatoka kijivu tupu?

Swali, kutoka kwa msomaji wa Mwanga, Kigoma: Kaka shikamoo, napiga picha za mtaani kwa simu. Zikiwa na rangi zinapendeza ila nikizigeuza nyeusi na nyeupe zinapooza, nyuso zinakuwa giza. Nikiongeza kontrasti ndo zinazidi kuharibika. Nakosea wapi?

Jibu: Marahaba mdogo wangu. Kosa linaanzia kabla hujabonyeza. Mama kavaa kanga nyekundu kasimama mbele ya mwembe, kwa macho unamuona vizuri kabisa, lakini nyekundu ile na kijani kile cha majani vinaweza kuwa na mwanga sawasawa, ukiondoa rangi vyote vinakuwa kijivu kimoja na mama anapotelea kwenye mti. Kontrasti haiwezi kutenganisha vitu vilivyolingana, inaishia kuongeza weusi kwenye nyuso.

Kwa hiyo anza kutafuta mwanga na kivuli, rangi zisikudanganye. Sisi huku tuko magharibi sana ila saa tunatumia moja na Dar, so jua la utosi linatukuta kama saa saba mchana, macho ya watu yanakuwa mashimo meusi, muda huo mi huwa napumzika. Nenda Kibirizi asubuhi, jua linatokea milimani nyuma yako ukiangalia ziwa, wanaoshusha dagaa linawapiga usoni moja kwa moja. Jioni linazama upande wa Congo, hapo piga maumbo tu, usihangaike na sura.

Kuhusu nyuso, simu inataka kila kitu kiwe kijivu cha kati. Mtu akiwa mbele ya maji yanayomeremeta inaona mwanga umezidi, inapunguza, uso unazama. Gusa uso kwenye skrini, shikilia mpaka kipimo cha mwanga kijifunge, ndo upige. Akiwa mbele ya mlango wenye giza inafanya kinyume, shati jeupe linaungua, yaani linabaki weupe mtupu, hapo shusha mwanga mwenyewe.

Sasa kuediti, na hapa ndo utamu ulipo. Achana na kontrasti kwanza, fungua sehemu ya kurekebisha rangi moja moja, maana rangi za mwanzo bado zinaamua kijivu kitakuwaje (ndo maana usipige JPEG ya nyeusi na nyeupe moja kwa moja, rangi zinatupwa moja kwa moja, piga RAW, yaani faili ghafi lenye rangi zote, au picha ya kawaida ya rangi, kisha geuza). Ngozi zetu zinarudisha zaidi nyekundu na chungwa, zipandishe mwanga kidogo uone uso unavyoamka. Ila na udongo wetu mwekundu utapanda nao, na chupa za mawese sokoni zitaonekana kama za maziwa, so nenda taratibu. Bluu ishushe mwanga, anga linaiva na mawingu yanajitokeza, ukizidisha picha inajaa chenga.

Pia tafuta picha za Seydou Keïta wa Bamako, Mali, alifungua studio 1948. Alipenda kumweka mtu wa nguo ya maua mbele ya shuka la maua na bado uso ndo unakushika, ngozi ina ngazi kibao za kijivu. Mimi nazirudia mpaka leo.

Bandarini na stesheni ongea na walinzi kwanza, na kina mama wanaoanika dagaa wasalimie kabla hujatoa simu. Jumamosi nenda saa moja na nusu asubuhi, piga kumi tu, nitumie za rangi pamoja na ulizoediti nizilinganishe.