Safu ya Katikati Waachieni Wanafunzi

Juzi mwalimu mmoja kijana kaniandikia: "Madam, darasa langu lina watoto 80, projekta hakuna, hiyo michoro yako ya kupanga mawazo nitaifanyaje?" Nilicheka. Mimi niliianza kwa chaki, sakafuni.

Ninaotumia zaidi ni jedwali la safu tatu: tunachojua, tunachotaka kujua, tulichojifunza. Donna Ogle, Mmarekani, alilichapisha mwaka 1986 kwa ajili ya kufundisha kusoma. Mimi nimelipeleka kwenye Sayansi na linanikubali.

Tulikuwa kwenye mada ya wadudu waharibifu. Safu ya kwanza ilijaa upesi, maana hawa ni watoto wa wakulima: dumuzi anatoboa mahindi, anaacha unga mtupu, bibi anamwekea majivu. Kisha mtoto ambaye hata kunyoosha mkono huwa haniamini akauliza, "Babu anasema zamani hakuwepo. Sasa alitoka wapi?"

Jibu nilikuwa nalo. Nikaandika swali kwenye safu ya pili, nikanyamaza. Wakawauliza wazee, wakamfuata bwana shamba, wakarudi wakitambia wenzao: alitoka Amerika ya Kati, na hapa nchini alianza kuonekana Tabora, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kundi jingine likataka kujua anapenda mahindi yapi. Wakamtia dumuzi kwenye chupa mbili, moja ina mahindi yaliyo kwenye gunzi, nyingine yaliyopukuchuliwa, wakafunika kwa kitambaa. Ya kwenye gunzi ndiyo yaliyoliwa zaidi. Hapo wakachora duara mbili zinazopishana ili kulinganisha, na sikuwa nimewaambia wachore.

Ofisini walikuwa wananiita mchoraji. Kuna aliyesema nawachelewesha watoto, mada hazitaisha. Haya, mada ziliisha, na mdhibiti ubora alipopita aliomba kulipiga picha lile jedwali letu. Aliyesema alikuwepo. Naishia hapo.

Walimu wenzangu, tuambiane ukweli. Wengi tunachora jedwali zuri usiku, tunalijaza wenyewe kwa kalamu za rangi, asubuhi tunalibandika ili watoto wanakili. Hayo ni mapambo. Safu ya katikati ni ya mwanafunzi, kwa maneno yake, hata akikosea tahajia. Usimjazie. Swali likikushinda, liache liandikwe hivyo hivyo. Usimjazie! Na kama hakuna aliyeuliza kitu, badilisha kitu unachowaonyesha, usiwatungie maswali.

Kuhusu hao 80: makundi ya wanane wanane, kila kundi na mfuko wa saruji uliopasuliwa, waandike upande wa ndani. Fundi yeyote anayejenga karibu na shule atakupa bure. Mwandishi wa kundi abadilike kila kipindi, la sivyo kalamu itashikwa na wale wale wanaojua kila siku. Safu ya tatu isijazwe siku hiyo hiyo. Chupa zetu zilihitaji wiki kadhaa.