Maswali na majibu: Usaili usiokwisha

Barua nilizozipokea wiki hizi karibu zote zinaelemea upande mmoja: usaili unaoanza kwa simu ya dakika kumi na kumalizika, kama utamalizika, baada ya miezi. Nimechagua tano na kuzifupisha, na nimeacha majina ya walioandika pamoja na ya waajiri wanaowalalamikia.

Swali: Niliomba kazi ya uhasibu mwandamizi. Nimepigiwa simu ya mchujo, nimefanya mtihani kwenye kompyuta, nimekaa mbele ya jopo mara mbili, nimeshinda siku nzima kwenye mazoezi ya vikundi, na juzi nimekutana na mkuu wa idara. Sasa ninaambiwa kuna “mazungumzo mafupi” na mkurugenzi. Ni miezi mitatu na nusu. Je, ninachezewa?

Jibu: Sidhani kwamba unachezewa, ninachodhani ni kwamba ndani ya ofisi hiyo hakuna anayetaka kuwa yeye ndiye aliyesema ndiyo. Mlolongo wa namna hiyo mara nyingi haukupangwa na mtu yeyote. Mkuu mmoja aliongeza kikao chake, mwingine akaongeza mtihani baada ya mwajiriwa fulani kumwangusha, na tangu hapo hakuna aliyerudi nyuma kupunguza kitu. Kampuni ya Google, ambayo zamani ilikuwa ikiwasaili baadhi ya waombaji zaidi ya mara kumi, ilipochambua kumbukumbu zake yenyewe iliona kwamba kusailiwa mara nne kunatosha kufikia uamuzi kwa uhakika wa asilimia 86, na kwamba kila kikao kinachofuata huongeza kidogo sana. Kinachosaidia zaidi ni mpangilio. Uchambuzi mkubwa wa njia za kuchagua waajiriwa, uliofanywa na mwanasaikolojia Paul Sackett na wenzake na kuchapishwa mwaka 2022, uliuweka juu ya vipimo vingine usaili ambao kila mwombaji huulizwa maswali yaleyale na majibu yake kupewa alama kwa vigezo vilivyoandikwa mapema.

Niliwahi kuketi kwenye jopo la mlolongo mrefu kama huo wako, tena upande wa wanaouliza. Mwombaji alikuwa ameitwa kwa mara ya tano, nasi tukamuuliza namna alivyowahi kutatua mgogoro kazini. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwa adabu: “Swali hili nililijibu hapahapa mwezi uliopita, naomba kujua kama majibu yangu yaliwafikia.” Hayakuwa yametufikia. Karatasi za alama za jopo la kwanza zilikuwa zimefungiwa kwenye droo ya ofisa aliyekuwa likizoni.

Kwa hiyo, kabla ya kwenda kwa mkurugenzi, mwandikie ofisa rasilimali watu umuulize mambo mawili: kikao hiki kinalenga kupima nini ambacho hakijapimwa, na je, ndicho cha mwisho? Mwajiri makini hujibu kwa mistari miwili. Akijibu kwa maneno ya jumla, nenda ukipenda, lakini endelea kutuma maombi kwingine.

Swali: Nimepewa kazi ya kufanyia nyumbani: niandae mpango kamili wa kutangaza bidhaa yao mpya, kurasa kumi na tano, pamoja na bajeti. Nimeshatumia Jumamosi na Jumapili nzima na sijafika nusu.

Jibu: Kumpima mtu kwa kipande cha kazi yenyewe ni njia nzuri, na mimi huipendelea kuliko kumuuliza mtu udhaifu wake ni upi. Ila kipande ni kipande. Saa mbili au tatu zinatosha kuonyesha kama mtu anaijua kazi. Mpango kamili wa bidhaa halisi, wenye bajeti halisi, ni kazi ambayo washauri hulipwa kwayo, nawe huna hakikisho kwamba hautatumiwa hata wasipokuajiri. Waandikie hivi: “Nimeandaa sehemu ya kwanza kwa kina na muhtasari wa sehemu zilizobaki. Nitafurahi kuyaeleza mengine ana kwa ana, au kukamilisha mpango wote kwa makubaliano ya malipo.” Yupo atakayechukizwa na barua hiyo, na ni heri umjue mapema.

Swali: Kwenye mazoezi ya kikundi tulikuwa sita, na wawili walizungumza muda wote. Mimi nilisema mara tatu tu. Nimeshaanguka?

Jibu: Si lazima. Siku hizi za mazoezi zina asili ya kijeshi: mwaka 1942 jeshi la Uingereza lilianza kuwachagua maofisa kwa kuwapa vikundi vya watu kazi ya pamoja na kuwatazama, na mwaka 1956 kampuni ya simu ya AT&T nchini Marekani ikautumia mtindo huo kuwafuatilia mameneja wake. Wale waliokaa pembeni na karatasi, ambao ninyi hujitahidi kutowatazama, kwa kawaida kila mmoja amepangiwa mtu mmoja au wawili, na anaandika kilichosemwa na kilichofanyika. Hahesabu maneno. Aliyesema, “Tumebakiwa na dakika nane na hatujagusa suala la gharama,” au, “Mwenzetu alikuwa na hoja, tumsikilize,” anaweza kujipatia alama nyingi kuliko aliyehutubia. Kwa hiyo yakumbuke yale uliyoyasema mara hizo tatu: yaliusogeza mjadala, au yalikuwa kuitikia tu? Na kama bado kuna kikao cha ana kwa ana, uwe tayari kueleza kikundi kilikosea wapi, kwa sababu swali hilo huulizwa sana.

Swali: Nimetakiwa kujirekodi nikijibu maswali mbele ya kamera, bila mtu upande wa pili. Nani anaitazama hiyo video?

Jibu: Huenda ni mtu, huenda ni programu, na una haki ya kuuliza. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, kanuni ya ulinzi wa data inayotumika tangu mwaka 2018 inampa mtu haki, isipokuwa katika hali chache, ya kutofanyiwa uamuzi mzito na mashine peke yake. Jiji la New York nalo, tangu Julai 2023, linawataka waajiri wanaotumia programu za namna hiyo kuwajulisha waombaji na kuzifanyia ukaguzi wa upendeleo. Kuhusu kujirekodi kwenyewe, bandika kando ya kamera karatasi yenye maneno matatu tu ya kukuongoza, usiandike sentensi nzima. Macho yanayosoma huonekana. Anza na jibu, maelezo yafuate, maana saa ikikata inakata.

Swali: Nilifanya usaili wa mwisho wiki tano zilizopita. Waliniambia “karibu sana kwetu”, halafu kimya. Kazini kwangu nimeshaanza kuaga.

Jibu: Acha kuaga. Mpaka uwe na barua ya ajira iliyotiwa sahihi, yenye mshahara na tarehe ya kuanza, hujapata kazi, hata kama aliyekukaribisha alikuwa mkurugenzi mwenyewe. Kimya cha wiki tano kina sababu nyingi ambazo hazikuhusu: bajeti haijaidhinishwa, mtia sahihi amesafiri, au mshindi wa kwanza bado anapatana nao mshahara nawe umewekwa akiba. Andika mara moja, kwa ufupi, ukitaja tarehe ya usaili na nafasi uliyoomba, ukiuliza uamuzi unatarajiwa lini. Usipojibiwa, baada ya siku saba piga simu. Baada ya hapo usiandike tena. Na wakikurudia mwezi wa tatu tangu usaili ule wakisema kumebaki “hatua moja ndogo”, wajibu kwa yale maswali mawili niliyompa mhasibu wetu wa mwanzo.